Windows, Mac na Linux kwenye folda moja: mwongozo kamili wa diski ya mtandao kwa ofisi ndogo

Ofisi niliyoifanyia kazi hii hivi karibuni iko Busia, upande wetu wa Uganda, si mbali na barabara wanapopanga foleni malori. Ni ofisi ya mawakala wa forodha: meza nne, printa moja, na kompyuta ambazo kila moja ina tabia yake. Mapokezi wanatumia Windows 11. Mhasibu ana laptopu ya Windows pia. Kijana anayesanifu mabango na kadi ana MacBook. Pembeni kuna kompyuta ya mezani iliyochoka kwa Windows, nikaifufua kwa Ubuntu, aina mojawapo ya Linux.

Siku ya kwanza nilikaa nikatazama tu. Dada wa mapokezi alipiga skani hati za lori moja, faili la MB 38, akalituma kwa WhatsApp kwa mhasibu aliyekaa mita tatu kutoka kwake. Faili likapanda mpaka intaneti, likashuka tena, bando likaliwa mara mbili, na dereva kasimama mlangoni anasubiri. Bando lilipokwisha wakachukua flashi. Flashi ilikuwa na kile kirusi kinachoficha mafolda yako na kukuachia njia za mkato zisizokupeleka popote. Jioni ikaingia.

Mafaili ya ofisi hayahitaji kutoka nje ya chumba. Kompyuta zilizo kwenye ruta moja zinaweza kusoma na kuandika folda moja bila kula hata MB moja ya bando, hata intaneti ikiwa imekatika kabisa. Kinachotakiwa ni mambo matatu: kompyuta moja yenye anwani isiyobadilika, kila meza iwe na jina lake na nenosiri lake, na kila kompyuta iunganishwe kwa anwani badala ya kubahatisha kwenye orodha ya "Network". Matatizo mengi niliyoitwa kutatua yalitokana na mtu kuruka mojawapo ya haya matatu.

Lugha inayoeleweka na wote

Windows, Mac na Linux zinaandika diski zao kwa namna tofauti, na hilo huwatia watu hofu bure. Kwenye mtandao haijalishi. Kompyuta yako haisomi diski ya mwenzake moja kwa moja, inaiomba faili, na ombi hilo hupita kwa itifaki iitwayo SMB. Ilianzia IBM miaka ya 1980, Microsoft wakaikuza, na Apple wakaifanya njia yao kuu ya kushiriki mafaili tangu OS X 10.9 ya mwaka 2013. Upande wa Linux kuna programu ya bure iitwayo Samba, iliyoanzishwa na Andrew Tridgell huko Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Alitafuta kwenye kamusi neno lenye herufi S, M na B kwa mpangilio huo, akaipata samba.

Toleo la kwanza, SMB1, usilitumie. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea duniani kwa kupitia udhaifu wa toleo hilo, kikafunga mafaili ya watu na kudai fidia. Ukikuta ushauri wa "washa SMB1" ili kifaa cha zamani kifanye kazi, uache. Windows na Samba za leo zimelizima zenyewe.

Anza na ruta

Hakikisha vifaa vyote viko kwenye ruta moja. Sizungumzii hotspoti ya simu: anwani zake hubadilika, na simu ikiondoka na mwenyewe, ofisi nzima inabaki gizani. Ruta yoyote ya kawaida inatosha, hata ile ya laini ya simu, ilimradi inakaa mahali pamoja.

Ingia kwenye ukurasa wa ruta kwa kivinjari. Anwani imeandikwa kwenye kibandiko chini yake, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.8.1. Tafuta sehemu ya DHCP, inayogawa anwani, kisha "Address Reservation" au jina linalofanana na hilo. Hapo unaifungia kompyuta itakayobeba folda anwani yake ya kudumu. Katika mwongozo huu nitatumia 192.168.1.10. Ruta yako ikianza na 192.168.8, basi yako itakuwa 192.168.8.10. Usipofanya hivi, mambo yataenda vizuri wiki nzima, kisha umeme ukikatika na kurudi, ruta itagawa anwani upya na kila mtu atasema diski imekufa.

Ukiwa humo humo, angalia kama kuna kitu kinaitwa "AP Isolation" au "Client Isolation". Kikiwa kimewashwa, kila kifaa cha Wi-Fi kinaona intaneti lakini hakimwoni jirani. Kizime kwenye mtandao wa wafanyakazi. Wateja, kama unawapa Wi-Fi, wape mtandao wa wageni.

Kompyuta inayobeba folda iunganishe kwa waya, siyo Wi-Fi. Waya wa Mbps 100, ambao siku hizi ndio wa chini kabisa, unabeba takriban MB 11 kwa sekunde, yaani folda ya GB 4 inahama kwa dakika sita hivi. Ruta na kompyuta zikiwa za gigabiti, folda hiyo hiyo inahama chini ya dakika moja.

Kompyuta ipi ibebe folda?

Ile ambayo haibebwi kwenda nyumbani. Mimi nachagua Linux, kwa sababu kompyuta kuukuu inaiweza vizuri na haijiwashi upya katikati ya kazi kwa ajili ya masasisho. Windows nayo inafaa kwa ofisi ndogo. Ile ya kawaida inaruhusu vifaa visivyozidi 20 kuunganishwa kwa wakati mmoja, na sijaona ofisi ya meza nne inayofika huko.

Tuanze na Linux. Amri hizi nimezitumia kwenye Ubuntu 24.04. Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri:

```
sudo apt update
sudo apt install samba samba-vfs-modules
sudo groupadd ofisi
sudo mkdir -p /srv/kazi
sudo chgrp ofisi /srv/kazi
sudo chmod 2770 /srv/kazi
```

Ile 2 mwanzoni mwa 2770 usiiache. Ndiyo inayofanya kila faili jipya lirithi kundi la "ofisi". Bila hiyo, mtu wa zamu ya asubuhi anatengeneza hati, wa jioni anaifungua lakini hawezi kuihifadhi, na lawama zinaanza.

Sasa watu. Kila meza ipate jina lake. Nitaonyesha meza ya mapokezi, nawe urudie kwa "hesabu", "usanifu" na nyingine:

```
sudo useradd -M -s /usr/sbin/nologin mapokezi
sudo usermod -aG ofisi mapokezi
sudo smbpasswd -a mapokezi
```

Amri ya tatu itakuuliza nenosiri mara mbili. Samba ina daftari lake la manenosiri, tofauti na lile la Linux yenyewe, kwa hiyo mtu akibadilisha nenosiri la kuingilia Ubuntu, la folda halibadiliki.

Najua kishawishi kilichopo hapa: kufungua folda kwa kila mtu bila nenosiri, mambo yaishe. Nakuomba usifanye hivyo. Katika ofisi hiyo ya Busia kuna nakala za ndaga muntu (vitambulisho vya taifa) za madereva, pasipoti, na ankara za wateja. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha tangu mwaka 2019, na anayeshika taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda. Tena Windows nyingi za siku hizi zenyewe zinakataa kuingia kwenye folda isiyouliza jina. Tabu unayoikimbia leo itakurudia kesho kwa sura ya ujumbe mwekundu.

Fungua faili la mipangilio:

```
sudo nano /etc/samba/smb.conf
```

Ndani utakuta mstari unaosema `map to guest = bad user`. Ubadilishe uwe:

```
map to guest = never
```

Mstari huu mdogo uliniweka saa mbili nzima siku moja. Ukiuacha kama Ubuntu ilivyouweka, mtu akikosea jina lake, tuseme "mapokez", Samba haimwambii amekosea. Inampokea kama mgeni. Windows inapoona imepokewa kama mgeni inagoma, na kuonyesha ujumbe mrefu kuhusu sera za usalama za shirika lako. Unatafuta sera ambayo haipo, kumbe kilichokosekana ni herufi moja.

Kisha shuka mwisho wa faili, ongeza:

```
[kazi]
   path = /srv/kazi
   valid users = @ofisi
   read only = no
   force group = ofisi
   create mask = 0660
   directory mask = 2770
   vfs objects = recycle catia fruit streams_xattr
   recycle:repository = .taka
   recycle:directory_mode = 0770
   recycle:keeptree = yes
   recycle:versions = yes
```

Mstari wa `vfs objects` una kazi mbili. "Fruit" na wenzake wawili, "catia" na "streams_xattr", wanaifanya Samba izungumze vizuri na Mac. "Recycle" inaokoa watu. Faili likifutwa kwenye diski ya mtandao haliendi kwenye pipa la taka la Windows wala la Mac. Linatoweka papo hapo. Kwa mistari hii, linahamia kwenye folda iliyofichwa ya .taka na unaweza kulitoa. Wengi wanaligundua hili siku wameshalia.

Hifadhi, kagua kama hakuna kosa la uandishi, washa upya:

```
testparm
sudo systemctl restart smbd
sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any app Samba
```

Amri ya mwisho ni ya ukuta wa moto. Inaruhusu vifaa vya ofisi tu. Kama ukuta wa moto haujawashwa, amri hiyo haitadhuru kitu.

Na kompyuta inayobeba folda, yaani seva, isilale. Seva iliyolala ni sawa na seva iliyozimwa:

```
sudo systemctl mask sleep.target suspend.target hibernate.target
```

Ukiamua Windows ndiyo ibebe

Hapa ni fupi. Kwenye mipangilio ya mtandao, weka "Private network", kisha ndani ya "Advanced sharing settings" washa "File and printer sharing". Bofya folda kwa kitufe cha kulia, "Properties", "Sharing", "Advanced Sharing", ipe jina kazi. Ruhusa zinawekwa mahali pawili: "Permissions" ya hapo, na kichupo cha "Security". Windows inafuata iliyo kali zaidi kati ya hizo mbili, kwa hiyo ukiruhusu kuandika upande mmoja tu, watu wataona mafaili na kushindwa kuyahifadhi.

Tengeneza akaunti za ndani za kompyuta hiyo, zenye jina na nenosiri la kweli. PIN ya tarakimu nne unayofungulia kompyuta haifanyi kazi kwenye mtandao. Hilo peke yake limeniletea simu nyingi kuliko kosa lingine lolote la upande wa Windows.

Kuunganisha kutoka Windows

Kabla ya kubofya chochote, uliza kama njia iko wazi. Fungua PowerShell, dirisha la amri la Windows:

```
Test-NetConnection 192.168.1.10 -Port 445
```

Ukiona `TcpTestSucceeded : True`, mtandao uko sawa, na kosa lolote litakalofuata ni la jina, nenosiri au ruhusa. Ukiona False, usihangaike na manenosiri. Rudi kwenye waya, ruta au ukuta wa moto. Jaribio hili la sekunde kumi linakugawia tatizo sehemu mbili tangu mwanzo.

Sasa fungua kidirisha cha mafaili, nenda "This PC", bofya vidoti vitatu vya juu, chagua "Map network drive". Chagua herufi Z. Sehemu ya folda andika:

```
\\192.168.1.10\kazi
```

Mikwaju inaangukia nyuma. Weka alama kwenye "Reconnect at sign-in" na "Connect using different credentials", bonyeza "Finish", andika mapokezi na nenosiri lake, na ukubali likumbukwe. Kama seva ni Windows, andika jina la kompyuta kwanza, mfano `SEVA\mapokezi`.

Herufi iwe moja kwa kila mtu. Mapokezi wakiwa na Z na mhasibu ana Y, mtu akisema "iko kwenye Z" ataeleweka nusu ya ofisi.

Anayependa amri anaweza kufanya yote kwa mistari miwili. Wa kwanza utauliza nenosiri na kulitunza:

```
cmdkey /add:192.168.1.10 /user:mapokezi /pass
net use Z: \\192.168.1.10\kazi /persistent:yes
```

Windows ikikataa, hutoa namba, na namba hiyo ina maana yake. 53: haikuipata kompyuta, angalia anwani na waya. 67: kompyuta imeipata, jina la folda umelikosea. 86: nenosiri si sahihi. 5: nenosiri ni sahihi lakini huna ruhusa, pengine umesahau kumwingiza mtu kwenye kundi la ofisi.

1219 inahitaji maneno zaidi. Windows haikubali kuingia kwenye seva moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja. Ulijaribu asubuhi kwa jina la hesabu, sasa unajaribu kwa mapokezi, nayo inakumbuka lile la kwanza. Funga mafaili yote yaliyofunguliwa kutoka kwenye seva, kisha:

```
net use * /delete
```

Halafu fungua "Credential Manager", futa kumbukumbu ya anwani hiyo, uanze upya.

Jambo jingine halina namba. Asubuhi ya tatu dada wa mapokezi alinipigia:

"Fundi, ile Z imepigwa alama nyekundu. Imekufa?"

"Ibofye mara mbili, dada."

"Eh! Imefunguka."

Windows inaingia haraka kuliko Wi-Fi inavyoshika, ikiikosa seva inaweka alama nyekundu, na haijisumbui kurudi kuangalia mpaka uiguse. Wenye kompyuta ya waya hawalioni sana hili.

Na mtu akikuambia programu fulani haiioni Z ilhali yeye anaiona, muulize kama ameifungua kwa "Run as administrator". Programu iliyofunguliwa hivyo inahesabiwa kama mtu mwingine, na mtu huyo hajaunganishiwa Z.

Mac

Kwenye Finder bonyeza Command na K. Andika:

```
smb://192.168.1.10/kazi
```

Hapa mikwaju inaangukia mbele. Chagua "Registered User", weka usanifu na nenosiri, kubali kulitunza kwenye "keychain". Folda itatokea ubavuni mwa Finder. Ili ijiunganishe kila Mac inapowaka, fungua "System Settings", "General", "Login Items", bonyeza alama ya kujumlisha na uchague folda hiyo ikiwa tayari imeunganishwa.

Mac ina tabia ya kuacha mafaili madogo yaitwayo .DS_Store kila folda inayopita. Hayana madhara, ila mhasibu akiyaona kwenye Windows yake ataogopa kuwa ni kirusi. Yazuie kwa kuandika hivi kwenye Terminal ya Mac, kisha toka na uingie upya:

```
defaults write com.apple.desktopservices DSDontWriteNetworkStores -bool TRUE
```

Linux kama mteja

Kwa matumizi ya mara moja moja, fungua programu ya mafaili, andika `smb://192.168.1.10/kazi` sehemu ya mtandao, basi. Kwa matumizi ya kila siku, unganisha kwa kudumu:

```
sudo apt install cifs-utils
sudo mkdir /mnt/kazi
sudo nano /root/.kazi
```

Ndani ya faili hilo weka mistari miwili, `username=` na `password=`, kila mmoja ukimaliziwa na cha kwako. Lifunge lisisomwe na wengine kwa `sudo chmod 600 /root/.kazi`. Kisha kwenye `/etc/fstab` ongeza mstari huu mmoja:

```
//192.168.1.10/kazi /mnt/kazi cifs credentials=/root/.kazi,uid=1000,gid=1000,_netdev,nofail,x-systemd.automount 0 0
```

Malizia na `sudo systemctl daemon-reload`, halafu `sudo mount /mnt/kazi`. Neno `nofail` ni muhimu sana kwetu. Bila hilo, umeme ukirudi na kompyuta hii ikawaka kabla ya seva, inaweza kukwama njiani ikisubiri diski ambayo bado haipo.

Simu

iPhone na iPad zina "Connect to Server" ndani ya programu ya Files tangu iOS 13. Kwa Android, Samsung nyingi zina sehemu ya hifadhi ya mtandao ndani ya My Files. Simu nyingine weka Material Files, ni ya bure. Anwani, jina na nenosiri ni vile vile. Kijana wa uwanjani anapiga picha ya mzigo, anarudi ofisini, anaimwaga kwenye folda ikiwa na ubora wake wote, tofauti na ile inayopita WhatsApp kama picha ikapunguzwa.

Majina ya mafaili

Windows haikubali alama hizi kwenye jina la faili: \ / : * ? " < > |. Linux inakubali karibu zote. Mtu wa Linux akihifadhi faili moja kwa moja kwenye seva kwa jina "Ankara 14:30.pdf", upande wa Windows Samba italibadilisha liwe jina fupi la ajabu lenye alama ya ~ katikati, na mhasibu ataapa faili halipo. Mac nayo inaruhusu mkwaju kwenye jina, na wasanifu wanapenda kuandika tarehe kama 12/05.

Tulibandika karatasi ukutani: herufi, namba, kistari na nafasi tu, na tarehe ianze na mwaka, yaani 2025-05-12. Mafaili yanajipanga yenyewe kwa tarehe, na kompyuta zote zinayasoma sawa. Pia, kwa Linux, Barua.docx na barua.docx ni mafaili mawili, wakati Windows inayaona kuwa kitu kimoja. Chagueni herufi ndogo muishi nazo.

Wawili wakifungua faili moja

Word ikifungua hati, inaacha pembeni faili dogo lililofichwa linaloanza na ~$. LibreOffice inaacha la kwake, linaloanza na .~lock. Anayekuja wa pili anaambiwa hati inatumika, anaweza kusoma tu. Shida huja ofisi ikichanganya programu hizo mbili, maana kila moja inatafuta alama ya aina yake kwanza. Kwa hati inayoguswa na watu wengi, kama ile orodha ya malori ya siku, chagueni programu moja kwa meza zote. Na kompyuta ikizimika ghafla, alama hiyo inaweza kubaki hata kama hakuna aliyefungua hati. Hakikisha kwa mdomo kwamba kweli hakuna, ndipo uifute.

Umeme na nakala

Seva na ruta vyote viwili viwe kwenye UPS, ile betri inayoshikilia umeme ukikatika. Nimeona ofisi zilizoweka UPS kwenye seva, ruta wakaiacha ukutani. Umeme ukikatika seva inaendelea kuwaka peke yake, hakuna wa kuifikia. Halafu ingia kwenye BIOS ya seva (mipangilio yake ya msingi), tafuta mpangilio wa kile kinachofanyika umeme ukirudi, mara nyingi huandikwa "Restore on AC Power Loss", uweke iwake yenyewe. Hapo hutahitaji mtu wa kuja alfajiri kubonyeza kitufe.

Folda ya pamoja ina faida nyingi, ila kuwa nakala ya akiba si mojawapo. Mafaili yote ya ofisi sasa yako kwenye diski moja, na diski hufa. Nunua diski mbili za nje. Kila Ijumaa jioni chomeka moja, na kama imejitokeza kwa jina nakala:

```
sudo rsync -a /srv/kazi/ /media/nakala/kazi-$(date +%F)/
```

Kabla ya kubonyeza Enter, andika `lsblk` uhakikishe njia ya diski yako ndiyo hiyo. Ubuntu ya mezani huongeza jina la mtumiaji katikati. Kila Ijumaa unapata folda yenye tarehe yake. Diski ikikaribia kujaa, futa za zamani zaidi. Diski moja ikae nyumbani kwa mkubwa wa ofisi, nyingine kabatini, mkibadilishana kila wiki, ili mwizi au moto usichukue zote.

Mwisho wa mwezi, chomeka diski ya akiba kwenye kompyuta nyingine, siyo seva. Tafuta ankara ya wiki tatu nyuma, ifungue, ichape. Ikitoka kwenye printa ikiwa kamili, andika tarehe kwa kalamu kwenye kibandiko cha diski na uirudishe kabatini.